Kuyajua Yaliyomo Ndani ya Vumbi Tunalovuta

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wanafunzi na wageni wote mliofika, nawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie namna tunavyopima kemikali zilizomo katika chembechembe zinazoelea hewani. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, kibano mkononi na kichujio mezani, na kadiri ninavyoendelea nayo ndivyo jambo moja linavyozidi kunisumbua: tumezoea kutangaziwa kwamba hewa ya leo ina mikrogramu kadhaa za chembechembe katika kila mita ya ujazo, na tukishatangaziwa hivyo tunaridhika kana kwamba tumeelezwa yote. Namba hiyo ni uzito tu. Haisemi kama kilichopimwa ni udongo uliotimuliwa na upepo, chumvi ya bahari, masizi ya dizeli, moshi wa kuni, au salfeti iliyojiumba angani mamia ya kilomita kutoka pale ilipotoka gesi yake. Ukikabidhiwa gunia lililoshonwa na kuambiwa ni kilo 50, bado hujui kama umebeba nafaka au umebeba mchanga, na anayetaka kupunguza uchafuzi wa hewa bila kujua umetokana na nini yumo katika hali hiyohiyo.

Chembechembe ninazozisema ni zile zinazoitwa PM2.5, ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5, yaani karibu sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele wa kichwani. Kwa udogo wake nyingi hazizuiliki puani wala kooni. Huteremka hadi kwenye vifuko vya mapafu, na zile ndogo zaidi huweza kupenya na kuingia kwenye damu. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashusha kiwango linachokipendekeza kwa wastani wa mwaka mzima kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Lakini angalieni kwamba kiwango chenyewe ni cha uzito. Kaboni nyeusi, yaani masizi, kwa mfano, imetajwa katika miongozo hiyohiyo, nchi zimehimizwa ziipime na kuipunguza, ila haikuwekewa namba. Sisemi kwamba wataalamu wale walizembea. Vipimo vya kemikali ni vichache mno duniani vikilinganishwa na vipimo vya uzito, na bila vipimo vya kutosha hakuna anayeweza kuweka kiwango na kukitetea.

Historia inatufundisha jinsi kipimo cha sifa moja kinavyoacha mengine gizani. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 9 Desemba mwaka 1952, ukungu mzito uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe ulitanda juu ya jiji la London, na hesabu za mwanzo zilionyesha kwamba watu wapatao 4,000 walikufa kupita idadi ya kawaida; uchambuzi uliofanywa miaka mingi baadaye uliipandisha idadi hiyo hadi karibu 12,000. Wakati ule moshi ulikuwa ukipimwa kwa kupitisha hewa kwenye karatasi nyeupe na kuangalia weusi wa doa lililobaki. Ilikuwa njia ya busara kwa zama zake, na iliokoa maisha kwa sababu ilitoa ushahidi wa kudai sheria. Hata hivyo doa jeusi huonyesha masizi. Tindikali ya salfa iliyokuwa imejaa katika matone ya ukungu ule haina rangi, na isingeweza kuacha weusi wowote juu ya karatasi.

Sasa niwapeleke kwenye chumba cha mizani, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kinapoanzia na ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Kichujio tunachokitumia zaidi ni kiduara chembamba cha Tefloni chenye kipenyo cha milimita 47, cheupe, chepesi kiasi kwamba pumzi yako inaweza kukirusha. Pampu huvuta hewa kupitia kichujio hicho kwa mwendo wa lita 16.7 kwa dakika, na baada ya saa 24 zimepita mita za ujazo 24. Fanyeni hesabu pamoja nami: kama hewa ina mikrogramu 20 kwa mita ya ujazo, basi siku nzima ya kazi ya pampu imekusanya mikrogramu 480, ambazo hazifiki hata nusu ya miligramu moja, zikiwa zimeshikamana na kichujio ambacho chenyewe kina uzito unaozidi miligramu 100. Tunatafuta kitu kidogo kilichopanda juu ya kitu kikubwa. Ndiyo maana kichujio hupimwa kikiwa kitupu, kikapimwa tena kinaporudi, na kabla ya kila kipimo hulazwa saa 24 katika chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40, kwa kuwa baadhi ya chumvi zilizonaswa hunyonya maji ya hewani na kuongezeka uzito bila kuongezeka uchafu. Tefloni nayo hubeba umeme tuli. Ukiiweka kwenye mizani bila kuuondoa umeme huo, utaona namba zikipanda na kushuka, hazitulii, na fundi mgeni atadhani mizani imeharibika. Kidole hakigusi kamwe. Jasho la kidole lina sodiamu, potasiamu na kloridi, na hivyo ndivyo vitu tunavyokuja kuvitafuta baadaye.

Hadi hapo tumepata uzito, na vituo vingi duniani huishia hapo. Sisi tunaendelea, na ili tuendelee tunahitaji vichujio vya aina nyingine, kwa sababu hakuna kichujio kimoja kinachoweza kujibu maswali yote. Kile cha Tefloni hupigwa eksirei, na kila elementi iliyomo hujibu kwa kutoa mionzi yenye nguvu yake maalumu: silikoni, alumini, kalisi, chuma na titani hutuambia habari za udongo, shaba, antimoni na bariamu hutuambia habari za breki za magari, zinki huonekana penye matairi na penye uchomaji wa taka, risasi hutukumbusha petroli ya zamani. Uzuri wa njia hii ni kwamba kichujio hakiharibiki, hivyo kinaweza kupimwa tena kesho au baada ya miaka 10. Lakini Tefloni ina kaboni ndani yake, kwa hiyo haifai kwa kupimia kaboni, na kazi hiyo hupewa kichujio cha nyuzi za kwazi, madini yanayofanana na kioo, ambacho huchomwa kwanza tanurini kikiwa kitupu hadi kila chenye kaboni ndani yake kimeteketea. Cha tatu ni cha nailoni, kwa ajili ya chumvi ya naitreti.

Naomba nikae kidogo kwenye kaboni, kwa sababu katika miji mingi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito, na ndiyo inayotupa shida kuliko vyote. Kaboni iliyomo hewani ina sura mbili: ile ya misombo ya kikaboni, ambayo ni maelfu ya aina za molekuli kutoka kwenye moshi, mafuta na mimea, na ile ya masizi meusi yanayotoka penye mwako usiokamilika. Tunakata kipande kidogo cha kichujio cha kwazi, tunakiingiza kwenye tanuri dogo lililojaa heliamu isiyo na oksijeni hata kidogo, kisha tunapandisha joto kwa hatua. Misombo ya kikaboni huvukizwa, nayo masizi hubaki, maana masizi hayaungui pasipo oksijeni. Baadaye tunaingiza oksijeni kidogo, masizi yanaungua, na kaboni inayotoka katika kila hatua inahesabiwa.

Ingekuwa rahisi hivyo ningewaacha mapema. Tatizo ni kwamba sehemu ya misombo ya kikaboni, badala ya kuvukizwa, huungulia pale pale na kugeuka mkaa, kama chakula kinavyogandia sufuriani, na mkaa huo mpya hautofautiani kwa macho na masizi yaliyokuja na hewa. Kwa hiyo mwanga wa leza humulika kipande wakati wote wa kazi. Ukiuangalia mchoro wake unaona kisa kizima: mstari wa mwanga unashuka polepole kadiri kichujio kinavyozidi kuwa cheusi ndani ya heliamu, kisha oksijeni inapoingia mstari unapanda upesi, na ule wakati unapofikia tena kimo ulichoanzia ndipo tunapoweka mpaka, tukisema kilichotoka kabla ya hapo ni kaboni ya misombo na kilichotoka baada yake ni masizi. Huo ni mpaka wa makubaliano. Maabara mbili zinazotumia ngazi tofauti za joto zinaweza kukata kipande cha kichujio kilekile na kutoa majibu ya masizi yanayotofautiana hata maradufu, ingawa jumla ya kaboni yao inalingana vizuri. Ndiyo maana ninapoletewa ripoti ya masizi isiyotaja utaratibu uliotumika, huirudisha kwa aliyeileta nikiomba utaratibu huo kabla sijasoma lolote.

Chumvi zina fumbo lao. Salfeti na naitreti nyingi haikutoka kwenye bomba lolote ikiwa chembe. Ilitoka ikiwa gesi, yaani salfa dioksidi na oksidi za naitrojeni, ikageuka angani, ikakutana na amonia inayotoka hasa kwenye mbolea na samadi, ikawa chembe. Tunaloweka kichujio ndani ya maji, tunayapitisha maji hayo kwenye mtambo unaotenganisha ayoni, yaani vipande vya chumvi vyenye chaji ya umeme, moja baada ya nyingine, na tunasoma kiasi cha kila moja. Salfeti ni tulivu. Naitreti ya amoniamu siyo: joto likipanda, hujigawa na kurudi kuwa gesi, hivyo inaweza kutua juu ya Tefloni alfajiri penye ubaridi na kutoroka alasiri ya siku hiyohiyo, na wewe ukaja kupima kichujio ambacho nusu ya shahidi wake ameondoka. Nailoni huikamata gesi hiyo na kuizuia, na ndiyo sababu ya kichujio cha tatu. Kwenye kwazi kosa huenda upande wa pili, kwa kuwa kwazi hunyonya mvuke wa misombo ya kikaboni ambao haukuwa chembe hata kidogo, na tusipotoa kiasi hicho tunailaumu hewa kwa kitu ambacho kichujio ndicho kilichokiokota.

Haya yote yana maana gani kwa mtu asiyekaa maabara? Nitawasimulia kosa ambalo tulilifanya sisi wenyewe. Katika kituo kimoja nilichokisimamia, matokeo yalionyesha shaba nyingi kila wiki, na kwa kuwa barabara kubwa haikuwa mbali, tuliandika kwamba ni vumbi la breki. Ripoti ikapelekwa. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwetu ndiye aliyeuliza mbona antimoni na bariamu hazijapanda pamoja na shaba, wakati breki huzitoa zote kwa pamoja. Hatukuwa na jibu. Akaenda kituoni, akakaa siku nzima, akagundua kwamba siku zisizo na upepo hewa ya moto iliyotoka kwenye mota ya pampu yetu ilikuwa ikizunguka na kunyonywa tena na mdomo wa pampu hiyohiyo. Mota ilikuwa ya brashi za kaboni, ambazo husugua shaba inapozunguka, na tulikuwa tukijipima sisi wenyewe. Tulifunga bomba refu la kupeleka hewa ile mbali, shaba ikashuka, nasi tukaandika barua ya kuifuta sehemu ile ya ripoti. Barua hiyo naikumbuka zaidi ya ripoti zote nilizosifiwa.

Kwa hiyo jina la elementi moja halitoshi kumtaja mhusika. Mhusika hutajwa na uwiano wa vitu vingi vinavyokwenda pamoja. Moshi wa kuni una potasiamu, lakini potasiamu imo pia kwenye udongo na kwenye chumvi ya bahari, hivyo tunatafuta levoglukosani, sukari inayopatikana selulosi inapoungua, ambayo dizeli haiwezi kuitoa. Kwa kaboni yenyewe tuna shahidi mwingine mzuri kabisa: kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi iliyomo katika kila kiumbe hai, ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka 5,730. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli yamelala ardhini kwa mamilioni ya miaka, kaboni 14 yao imekwisha zamani; kuni na majani yaliyoungua mwaka huu bado yanayo. Ukipima kiasi chake kwenye kichujio unajua ni sehemu gani ya kaboni imetoka kwenye visukuku na ni sehemu gani imetoka kwenye viumbe vilivyokuwa hai juzi, na hakuna mabishano ya maneno yanayoweza kulibadilisha jibu hilo.

Alama hizi hubadilika, na anayezikariri bila kufuatilia dunia atapotea. Kwa miongo mingi vanadiamu na nikeli vilipoonekana pamoja tulijua kwamba meli zinachoma mafuta mazito. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini lilishusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.50 hadi asilimia 0.50, na mengi ya mafuta mapya yana vanadiamu kidogo sana. Meli zipo, moshi wake upo, ila alama yake ya zamani imefifia. Vivyo hivyo petroli yenye risasi: nchi ya mwisho kuiacha kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021, lakini risasi iliyotua kwenye udongo wa kandokando ya barabara haikuondoka siku ile, na upepo bado unaitimua.

Kuna njia mpya zisizosubiri kichujio. Spektromita ya tungamo ya chembechembe, mtambo unaotambua kemikali kwa uzito wa vipande vya molekuli zake, huvuta hewa, huipigisha chembe kwenye bati lenye joto la nyuzi 600 hivi, na kutoa orodha ya salfeti, naitreti, amoniamu, kloridi na misombo ya kikaboni kila baada ya dakika chache, jambo ambalo kichujio cha saa 24 hakiliwezi, kwa sababu kilele cha moshi cha saa moja asubuhi na utulivu wa saa nane mchana vyote huchanganyika ndani yake. Lakini udongo, masizi na chumvi ya bahari havivukizwi kwa joto lile, kwa hiyo mtambo haukioni kile ambacho mahali pengine ndicho kingi zaidi. Vihisi vidogo vya bei nafuu, ambavyo sasa vinauzwa kila mahali, huhesabu mwanga unaotawanywa na chembe na kukisia uzito. Siku ya unyevu mwingi chembe za chumvi huvimba na kihisi hutangaza uchafu kupita kiasi. Navipenda kwa kuwa vimewapa wananchi namba zao wenyewe. Nataka tu pawe na kichujio karibu, mahali fulani, cha kuvirekebishia.

Najua swali lililo vinywani mwenu: ni kemikali ipi inayoua? Utafiti wa miji sita ya Marekani, uliochapishwa mwaka 1993 baada ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 kwa miaka 14 hadi 16, ulionyesha kwamba kiwango cha vifo katika mji wenye hewa chafu kuliko yote kilizidi kile cha mji wenye hewa safi zaidi kwa asilimia 26, na uhusiano huo ulionekana kwa uzito wa chembe laini na kwa salfeti pia. Tangu hapo kaboni nyeusi, metali na misombo ya kikaboni vyote vimehusishwa na madhara, na hakuna sehemu hata moja iliyowahi kusafishwa jina. Wapo wanaolitumia hilo kusema kwamba basi tupunguze uzito na tuachane na kemikali. Mimi nasema hapana, kwa sababu uzito hauwezi kupunguzwa wenyewe. Kinachopunguzwa ni moshi wa jiko fulani, gesi ya bomba fulani, vumbi la barabara fulani, na hivyo hutajwa na kemikali peke yake.

Hapa mezani nimeleta vichujio vitatu ndani ya visahani vyenye vifuniko. Cheupe hakikuwahi kupitishiwa hewa: kilipelekwa kituoni, kikawekwa ndani ya kishikio, kikarudishwa, ili tujue ni nini kinachoingia bila pampu kuwashwa. Viwili vilivyobaki vilipimwa vikatoa uzito unaokaribiana kabisa, na mizani isingeweza kuwatofautishia. Kimoja ni cheusi tii. Kingine ni cha rangi ya hudhurungi, na mkikiangalia kwa kukiinamisha kwenye mwanga mtaona wekundu wa udongo pembezoni. Karibuni mvitazame kwa zamu; atakayetaka kukiinua, vibano viko pembeni ya kisahani cha kwanza.